Nyota Mpaka Reli

Kompyuta inayopewa amri nyingi Chamazi, Dar es Salaam, ni kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe. *150*00#, inayofungua M-Pesa iliyoingia Tanzania mwaka 2008, ni amri kamili: nyota huifungua, tarakimu hutaja huduma, reli huifunga na kuiambia simu kwamba hapigiwi mtu. Reli ikisahaulika, simu huichukulia kama namba ya kupiga.

Mfumo huu, USSD, hudharauliwa kuwa ni wa wasio na simu janja. Dharau hiyo haina msingi. Hauhitaji intaneti, na simu yenyewe haihifadhi menyu. Mitambo ya kampuni ya simu hutuma ukurasa mmoja mmoja usiozidi herufi 182, kisha husubiri jibu. Mtu akichelewa kidogo, labda anatafuta miwani, mawasiliano hukatika na inabidi aanze upya. Kwa udogo huo wa ukurasa, kila tangazo la ofa linalochomekwa kwenye menyu husukuma huduma ya maana mbele zaidi, na anayepotea ni mgeni wa mfumo huu.

Kwa asiyezoea mitambo, nafuu ni kwamba anakariri amri moja tu. Yanayofuata ni kuchagua namba. Ugumu uko kwenye namba ya siri. Katika simu nyingi, tarakimu zake nne hubaki wazi kwenye kioo zinapoandikwa, bila kufichwa kwa vidoti. Kwenye kibanda cha wakala wa pesa, siku ya mechi pale uwanja wa Azam Complex, aliye nyuma kwenye foleni anaweza kuzisoma bila hata kunyoosha shingo. Wazee wengine humkabidhi wakala simu na namba ya siri kwa pamoja: “Nifanyie, mwanangu.” Wakala anayeijua kazi hakubali. Humtajia amri tarakimu kwa tarakimu, humwacha abonyeze mwenyewe, hugeukia pembeni ikifika namba ya siri. Jina la mpokeaji likitokea, humtaka alisome kwa sauti kabla ya kuthibitisha. Ufundishaji huu haulipiwi kamisheni, na kampuni zingepaswa kuulipia.

Zipo pia *102# ya salio, *106# ya kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA, *152*00# ya huduma za serikali. Kisha kuna malipo ya umeme wa LUKU, maji, king'amuzi, vifurushi. *#06# haiendi hata kwenye mtandao: simu hujijibu yenyewe kwa kutoa IMEI, namba yake ya utambulisho, hata kama haina laini.