Kusongeka kwa Mfereji wa Uti wa Mgongo

Katika nyumba nyingi yumo mzee ambaye zamani akienda msikitini kwa miguu, na leo hawezi kuvuka mitaa miwili ila asimame, ainamie bakora yake, au atafute baraza ya kuketi. Miguu humwia mizito, hufa ganzi, huwaka kama iliyotiwa pilipili. Akishaketi kidogo hutulia, akainuka akaenda tena. Vijana humdhania mvivu. Na wengine, wallahi ni aibu, husema amerogwa. Yafaa ijulikane kwamba huenda miguu hiyo haina kosa lolote. Kosa limo mgongoni.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopandana: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na chini yake zile zilizoungana. Kila pingili ina tundu kwa nyuma, na matundu hayo yakipangana huwa mfereji mmoja, ambamo hupita ugwe wa fahamu utokao ubongoni. Kwa mtu mzima ugwe hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno; kutoka hapo huteremka mishipa ya fahamu, fungu zima mfano wa mkia wa farasi, ikienda miguuni na kwenye kibofu. Mfereji wa kiunoni, kutoka mbele hata nyuma, kwa kawaida huzidi milimita 12. Ukiwa chini ya 10 umesongeka khasa. Daktari Henk Verbiest wa Uholanzi aliyabainisha maradhi haya katika maandishi yake ya mwaka 1949 na 1954.

Sababu kubwa ni umri, lakini kusema "uzee" tu hakutoshi. Baina ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu chenye majimaji. Kwa miaka mingi kisahani hukauka, hupungua kimo, na ukingo wake hutokeza mferejini. Uzito uliokuwa juu yake huhamia kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili. Navyo huchakaa, vikaota vijifupa vya ziada. Kano ya manjano itandayo nyuma ya mfereji hunenepa na kujikunja ndani. Basi mfereji husongwa mbele, nyuma na ubavuni kwa pamoja. Kwa wengine, khasa wanawake waliopita makamo, pingili moja huteleza mbele ya mwenziwe.

Wako pia waliozaliwa na mfereji mwembamba. Hao huumwa mapema, kwani uchakavu mdogo huwatosha. Kuvunjika pingili, kama kwa aliyeanguka mnazini, na uvimbe, nazo ni sababu. Na katika nchi zetu tusikisahau kifua kikuu: huila pingili hata ikabonyea, usaha ukausonga ugwe, na mgongo ukatoa kibiongo. Mwenye homa za jioni, kukonda, na maumivu ya mgongo yasiyotulia hata usiku asipelekwe kwa mkandaji. Apelekwe hospitali, maana kifua kikuu kina dawa.

Mtu akiinama mbele mfereji hupanuka kidogo. Akijinyosha nyuma hupungua. Ndiyo maana mgonjwa wa kiuno aweza kuona nafuu katika rukuu na taabu katika kisimamo kirefu, na aweza kupanda baiskeli siku ambayo kutembea kumemshinda. (Asiyeweza kusimama, sharia imemruhusu aswali ameketi, asijione mpungufu.) Lakini ambaye miguu humuuma kwa kuziba mishipa ya damu, yeye hutulia kwa kusimama tu bila ya kuinama.

Ukisongeka mfereji wa shingoni, ugwe wenyewe ndio ubanwao: vidole hushindwa na vifungo vya kanzu, na mwendo huyumba. Na iliyo khatari kuliko zote ni hii: mgonjwa azuilike ghafla haja ndogo au asiweze kuizuia, au afe ganzi mahali pa kukalia. Hapo asingojewe hata asubuhi, kwani operesheni ya kuifungulia mishipa hiyo hufaa zaidi ikiwahi.