Homa ya Maziwa: Kalsiamu na Umeme wa Moyo

Nimeonelea niandike kuhusu jambo tunalolisoma katika Baiolojia lakini linalotukuta zizini. Huku kwetu, kuanzia Manyatta kule Embu hadi Nkubu na Githongo kule Meru, ng'ombe wa gredi ndiye karo ya wengi wetu. Akifa, mwanafunzi hukaa nyumbani.

Homa ya maziwa si homa hasa, maana mwili wa ng'ombe hupoa. Humpata ng'ombe wa maziwa mengi, hasa siku 3 za kwanza baada ya kuzaa. Masikio huwa baridi, huyumbayumba, kisha hulala amekunja shingo ubavuni. Wengine husema amerogwa. La hasha! Amepungukiwa na kalsiamu. Lita 10 za dang'a huondoa zaidi ya gramu 20 za kalsiamu, ilhali damu yake yote ina gramu 3 hivi. Mifupa inayo tele, lakini huchelewa kuitoa.

Je, moyo unahusika vipi? Kila mpigo huanza kwa umeme mdogo. Seli ya msuli wa moyo ina milango midogo midogo kwenye utando wake. Kwanza sodiamu huingia kwa kasi. Halafu kalsiamu huingia polepole, na umeme hubaki juu kwa muda badala ya kushuka mara moja. Kalsiamu hiyo hufungua ghala lililo ndani ya seli, nyingine nyingi hutoka, na msuli hujikaza. Mwishowe potasiamu hutoka nje, kalsiamu hurudishwa ghalani na nje ya seli, nao msuli hulegea.

Sasa basi, kalsiamu ikipungua katika damu, moyo hujikaza kwa unyonge, na wimbi la umeme hurefuka kwa sababu milango huchelewa kufungwa. Ikizidi, milango hufungwa mapema, wimbi hufupika, mapigo huvurugika, na moyo waweza kusimama.

Daktari Mwingereza, Sydney Ringer, aliyaona haya mjini London mwaka 1882 na 1883. Moyo wa chura ulidunda vizuri katika maji ya chumvi yaliyochanganywa kwa maji ya mfereji, kwani yalikuwa na kalsiamu. Katika maji yasiyo na madini hayo ulidhoofika, hadi alipoiongeza.

Ndiyo maana daktari wa mifugo hana haraka. Nilishika kamba ng'ombe wetu alipotibiwa. Dawa ya chupa ya mililita 400 ilitiririka mshipani kwa dakika kama 15, daktari akisikiliza moyo wakati wote. Nyanya akasema, "Fanya mbio, mwanangu, ng'ombe anakufa!" Akajibu, "Nikifanya mbio, mama, ndipo atakufa." Moyo uliokuwa ukienda mbio kwa unyonge ukapunguza mwendo, ukapata nguvu. Ng'ombe akacheua, akanya, akasimama.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukimwona ng'ombe wenu hivyo, mwite daktari mapema. Mlaze kwa kifua, si kwa ubavu. Usimnyweshe dawa kwa mdomo, kwa maana kumeza kunamshinda, wala usinunue chupa dukani ukamdunga mwenyewe. Haraka haraka haina baraka.