Risasi moja ya mawindo na shabaha: Usiichague kwa ukubwa

MDOGO wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu kutoka Texas, Marekani. Baada ya salamu na habari za wazee, aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kaka, wewe ni mwalimu wa fizikia. Nataka kununua bunduki moja tu, ya kuwindia na ya kulengea shabaha. Nichague risasi ya aina gani?"

Yeye aliondoka kambini, wilayani Kibondo, mwaka 2007, Marekani ilipokuwa ikiwapokea Warundi waliokimbia nchi mwaka 1972. Mimi, niliyesomea Katumba karibu na Mpanda, nilirejea nyumbani mwaka 2008. Leo yeye ni raia wa huko, na wenzake wa kazini humwalika kuwinda kulungu wenye mkia mweupe. Walikuwa wamemshauri achukue .300 Winchester Magnum, kwa kuwa ni kubwa na haibakizi kitu.

Hapo nikamkumbuka mzee mmoja jirani yetu Katumba. Alimpiga nyati kwa gobore, mnyama akaingia kichakani na jeraha. Asubuhi mzee akafuata damu. Kesho yake tulimzika. Watu walilaumu gobore, na kweli si silaha ya nyati. Wanaowinda nyati kwa leseni hutumia risasi nzito kama .375 Holland & Holland ya mwaka 1912. Lakini mwenzake aliyekuwa naye alisema jambo jingine: mzee alifumba macho kabla ya kufyatua, kwa kuogopa teke la bunduki.

Nilimpigia mdogo wangu hesabu. Nishati ya risasi ni nusu ya uzito wake, mara kasi, mara kasi tena. Risasi ya .300 Winchester Magnum yenye gramu 11.7, ikitoka mtutuni kwa mita 900 kwa sekunde, ina jouli zipatazo 4,700. Ile ya .308 Winchester yenye gramu 9.7, kwa mita 860 kwa sekunde, ina jouli 3,600 hivi. Kwa kulungu, hizo zinatosha na kubaki.

Tofauti hiyo hulipwa na bega. Bunduki zikiwa na uzito sawa, teke la .300 Magnum hukaribia mara mbili ya lile la .308. Porini utafyatua mara moja asubuhi nzima. Kwenye uwanja wa shabaha utafyatua mara 40. Bega likishajifunza kuogopa, jicho hufumba lenyewe, na mnyama hukimbia na jeraha.

Jambo la pili ni kichwa cha risasi. Jina la risasi ni moja, lakini vichwa ni vya aina nyingi. Kile cha shabaha hutengenezwa ili kiende sawasawa. Hakikukusudiwa kumwua mnyama upesi. Cha kuwindia hutanuka kinapoingia mwilini, ili mnyama asiteseke. Kwa hiyo anunue vyote viwili, na kila anapobadilisha apime upya kwenye karatasi, maana kwa mita 100 havipigi mahali pamoja.

Jambo la tatu ni upatikanaji. Risasi ya .308 ipo tangu mwaka 1952 na maduka mengi ya huko huwa nayo. Mwenye bega jepesi anaweza kuchukua 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na Hornady mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha, kisha wawindaji wakaipenda. Teke lake ni dogo zaidi.

Nikamwonya pia aulize sheria ya jimbo kabla ya kulipa. Texas risasi hizo zinaruhusiwa kwa kulungu. Ohio hazikubaliwi, kwa sababu huko anayewinda kulungu kwa bunduki ya aina hiyo lazima atumie risasi yenye ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni.

Alinunua .308. Miezi mitatu baadaye alinitumia picha ya karatasi yenye matundu matatu, yote yanafunikwa na kikombe cha chai. Nikamwuliza kuhusu kulungu. "Bado kaka, mwakani. Nataka kwanza mkono uzoee." Nilifurahi kuliko kama angenitumia picha ya pembe.

Kisha akataka kunitumia risasi moja na maganda matupu, niwaonyeshe wanafunzi. Nilikataa. Ninyi mnaovuka Mugina na Manyovu kila wiki na mizigo mnaelewa kwa nini. Risasi moja bila kibali ni kosa pande zote mbili za mpaka. Tanzania ina sheria yake ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Ndugu akikuletea zawadi ya namna hiyo kutoka ng'ambo, mrudishie. Darasani chaki inatosha.