Zisipotezane Angani

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanazijua ndege ndogo zisizo na rubani. Tangu mwaka 2016 zilipiga picha za visiwa vyao kwa ajili ya ramani. Kaskazini mwa Tanzania zimekwisha kutumika kuwafukuza tembo mashambani. Mkulima wa Marambo, anayekesha akilinda shamba lake, naye anazihitaji.

Lakini eneo pana hutaka kundi, na kundi halina budi kusikilizana. Ndege moja ikivuka upeo wa mawimbi ya jirani yake, mnyororo hukatika, na habari za tembo haziwafikii walinzi. Kwa hiyo moja ikitangulia, nyingine zibaki kati zikipokezana habari, na mwendo wa kila moja uwe na mpaka.

Viongozi watakaonunua vyombo hivyo wasihesabu idadi tu. Wadai kwanza hakikisho kwamba havitapotezana.