Ukistaafu na kurudi shambani, matibabu yahame kwanza

WATU wengi wanaoishi Eldoret hawakuzaliwa Eldoret. Walikuja kufundisha, kufanya kazi viwandani, katika benki na katika ofisi za serikali. Miaka imekwenda. Umri wa kustaafu, ambao kwa watumishi wa umma ulisogezwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, umewafikia, na mawazo yao yako Vihiga, Busia, Siaya, Kisii au bonde la Kerio. Nyumba imejengwa, ng'ombe wawili wamenunuliwa, na kilichobaki ni lori la kubeba vyombo.

Uamuzi huo una manufaa yake. Kodi ya nyumba hukoma, mboga hutoka bustanini, na mwili hupata kazi ya kuufanya. Hata hivyo, sisi madaktari huwaona wastaafu wakirudi mjini baada ya mwaka mmoja au miwili, tena wakiwa wamebebwa. Aghalabu si kijiji kilichowaumiza. Walihamisha vitanda, viti na matangi ya maji, wakasahau kuhamisha matibabu yao.

Dawa zinapokatika

Wengi wanaofikia miaka 60 tayari wana shinikizo la damu, kisukari, au yote mawili. Mjini, maradhi haya hutulizwa na mazoea: kliniki iko karibu, duka la dawa liko njiani, na mgonjwa anajua tarehe yake.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu aliyehamia kijiji kilicho kilomita 20 kutoka duka la dawa. Mwezi wa kwanza mwanawe anamtumia vidonge kwa matatu. Mwezi wa tatu vidonge vinaisha katika wiki ya kupanda mahindi. Kwa kuwa hasikii maumivu yoyote, anasema ataenda baada ya kupanda, kisha baada ya palizi. Hapo ndipo hatari ilipo. Shinikizo la damu haliumi linapopanda, na kwa baadhi ya wagonjwa dalili ya kwanza huwa ni kiharusi.

Kwa hivyo, miezi kadhaa kabla ya kuhama, mwombe daktari wako barua inayoeleza ugonjwa wako, majina ya dawa, vipimo vyake, na matokeo ya karibuni ya shinikizo, sukari na figo. Ipeleke barua hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu na shamba lako na uulize bila haya: Je, dawa hizi mnazo kila mwezi? Je, mnapima sukari? Kama dawa yako haipatikani huko, rudi kwa daktari wako akubadilishie iliyopo. Mabadiliko hayo yafanywe ungali mjini, ambako unaweza kuangaliwa kwa wiki chache.

Usikate tamaa mapema. Mpango wa AMPATH, unaounganisha Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na vyuo vikuu vya ng'ambo, ulianza kwa kutibu virusi vya Ukimwi mwaka 2001. Baadaye uliingiza matibabu ya shinikizo na kisukari katika vituo kadhaa vya mashambani magharibi mwa Kenya. Isitoshe, Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 ambao vifaa vyao ni pamoja na kipima shinikizo na kipima sukari. Mtafute wa kijiji chako, naye akujue kwa jina.

Pima safari kwa saa, si kwa kilomita

Swali la pili ni hili: ukiugua saa nane za usiku mwezi wa Aprili, barabara ikiwa matope, utafika hospitali baada ya muda gani? Kilomita 15 za udongo wakati wa masika zaweza kuchukua muda mrefu kuliko kilomita 60 za lami.

Muda huo una maana kubwa. Mgonjwa wa kiharusi kinachotokana na damu iliyoganda huweza kupewa dawa ya kuiyeyusha, lakini kwa kawaida ni ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya ubongo kupigwa picha. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, msingoje kupambazuke. Kubaliana mapema na jirani mwenye gari, na namba yake iwe katika simu ya kila mtu nyumbani. Dharura kama hiyo haifai kungoja bodaboda, kwani mgonjwa aliyelegea hawezi kujishikilia.

Malaria haijali ulizaliwa wapi

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huwazuia mbu wengi wa malaria. Mtu aliyezaliwa Siaya au Busia alipata kinga kiasi kwa kuumwa na mbu tangu utotoni. Lakini kinga hiyo hufifia akiishi miaka mingi mahali pasipo malaria nyingi. Mstaafu anayesema malaria ya kwao haimwezi hujidanganya, kwa maana sasa yaweza kumshika vikali kama inavyomshika mgeni. Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na akipata homa apimwe siku hiyo hiyo.

Anayeteremka kutoka Iten kupitia Tambach hadi Kerio hushuka zaidi ya mita 1,000. Mbali na malaria ya msimu, atakuta joto jingi. Baadhi ya dawa za shinikizo hufanya kazi kwa kumkojoza mgonjwa. Mwili ukipoteza maji kwa jasho pia, huenda akasikia kizunguzungu na kuanguka. Dawa hizo huenda zikahitaji kupunguzwa, lakini apunguze daktari, si mgonjwa mwenyewe. Anayetumia insulini ajue pia kuwa joto huiharibu. Pasipo stima, iwekwe katika chungu kidogo kilicho ndani ya chungu kikubwa, na katikati mchanga uliolowa maji, mahali penye kivuli na upepo.

Jembe, maziwa na choo

Mwili uliokaa ofisini miaka 30 haugeuki wa mkulima kwa wiki moja. Anza kwa nusu saa asubuhi, uongeze polepole. Ukibanwa na kifua au kukosa pumzi unapolima, acha na uende hospitali. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Kwa mwenye kisukari, mkwaruzo mdogo usiouma waweza kuishia kwa kukatwa mguu, kwa hivyo akague nyayo kila jioni. Chanjo ya pepopunda nayo isisahauliwe, maana udongo na samadi ndimo viini vyake hukaa.

Maziwa ya ng'ombe wako yachemshwe kabla ya kunywewa au kugandishwa. Maziwa mabichi huweza kuleta brusela, ugonjwa wa homa isiyokwisha na maumivu ya viungo ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo. Kukiwa na baridi, usilale na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Gesi yake haina harufu na huua.

Nyumba za wastaafu huwa na sebule nzuri, lakini choo kiko mita 40 nyuma ya ndizi. Mzee mwenye magoti mabovu akitoka usiku kwenye mvua, akateleza na kuvunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani. Kabla ya kununua makochi, jenga choo cha kukalia ndani ya nyumba, na ukutani uweke chuma cha kushikilia.

Upweke na fedha

Kijiji ulichokiacha miaka 35 iliyopita si hicho unachokirudia. Wenzako wengi wamefariki, na vijana wanakujua kama mtu wa mjini wa kuombwa karo. Mara nyingine mama hubaki mjini kulea wajukuu na mzee hupika peke yake. Wengine hukimbilia pombe. Mtu akikosa usingizi, akapoteza hamu ya chakula na kuacha kuzungumza kwa wiki mbili au zaidi, huo waweza kuwa ugonjwa wa huzuni, nao hutibika.

Kuhusu bima, kumbuka kuwa makato ya mshahara hukoma mshahara unapokoma. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, asiye na mshahara hutathminiwa mapato ya kaya yake, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Hakikisha mchango wako uko hai kabla ya kuugua, na usimalize kiinua mgongo chote kwa saruji na mabati.

Ushauri wangu ni kuhama kwa awamu. Kabla hujaiacha nyumba ya mjini, kaa shambani mwezi mmoja wa mvua na mwezi mmoja wa kiangazi, ukitibiwa huko huko. Aliyetoka kulazwa kwa ugonjwa wa moyo, anayetibiwa saratani au anayesafishwa damu kila wiki kwa sababu ya figo asubiri hadi daktari wake akubali. Shamba halitahama, lakini afya ikiharibika kwa kukosa dawa miezi mitatu, huenda isirudi.