Kuvua Ukingoni bila Mtumbwi

Katika mji wetu wa Lubumbashi wako akina baba wengi ambao siku ya mapumziko huchukua mwanzi na kikopo cha nyungunyungu, wakapanda baiskeli, wakashika njia ya mtoni. Hawana mtumbwi, wala hawatazamii kuupata. Jirani zao huwacheka wakisema: “Samaki wa maana wako katikati ya mto, ninyi ukingoni mtaokota vyura.” Neno hilo si kweli, na leo twataka kueleza kwa nini si kweli. Tena twataka kusema jambo la pili ambalo wavuvi wengi hulisahau: sababu ile ile inayomleta samaki karibu nasi ndiyo inayotudai kujizuia wakati mwingine.

Kwa nini samaki huja ukingoni

Asiyeujua mto hudhani kwamba maji yenye kina ndiyo makao ya samaki saa zote. Kumbe samaki ana mahali pa kupumzika na mahali pa kula, kama vile mtu alalaye Kamalondo na kufanya kazi Kampemba. Chakula chake kingi kipo ukingoni. Huko ndiko majani huota, wadudu huanguka kutoka matawini, na konokono na samaki wadogo hujificha kati ya matete. Mchana, jua likiwa kali na watu wakioga na kufua, samaki wengi wakubwa hukaa mbali. Jua likianza kushuka na kelele zikipungua, huja kula.

Kambare, ambaye sisi wa Katanga tumezoea kumwita mulonge, ni mfano mwema. Macho yake ni madogo, lakini ana ndevu nane, nazo humtambulisha harufu na ladha ya chakula hata katika maji ya tope na giza tupu. Tena ana kiungo cha pekee karibu na mashavu kimwezeshacho kuvuta hewa ya juu. Kwa hiyo huweza kuishi katika kidimbwi kinachokauka, na usiku wa mvua hutambaa juu ya nyasi mbichi toka maji haya hadi yale. Samaki wa namna hiyo haogopi maji ya kumfika mtu magotini.

Makobo, yule aitwaye perege upande wa Tanzania, ana desturi nyingine. Yeye hula mchana, naye hupenda maji yaliyotulia, yaliyopashwa joto na jua, karibu na majani.

Hata katika nchi za mbali mambo ni yayo hayo. Katika mito na maziwa ya Marekani na Kanada yuko samaki mla wenzake aitwaye walleye. Macho yake makubwa hung’aa gizani kama ya paka, kwa kuwa ndani yake mna utando unaorudisha nuru. Hivyo jioni huona vema kuliko wale anaowawinda. Giza liingiapo huwafuata samaki wadogo mpaka kwenye maji ya kina kifupi, na watu wasio na mashua humvua wakiwa wamesimama nchi kavu. Mkulima wa huko na fundi wa Lubumbashi hawajuani, lakini mto umewafundisha somo moja.

Vyombo na mahali

Vyombo ni vichache. Kwa makobo chukua mwanzi mwembamba wa meta tatu au nne, mshipi wa urefu ule ule, ndoana ndogo na chelezo chepesi. Kipande cha kandambili iliyokatika chafaa sana. Chambo chake ni nyungunyungu, au tonge dogo la bukari lililokandwa hata likashikamana. Kwa mulonge chukua mshipi mnene, ndoana kubwa, na kitu kizito cha kuuzamisha, kama nati ya baiskeli, ili chambo kilale chini. Yeye hupenda vitu vyenye harufu: matumbo ya kuku, kipande cha samaki, na mvua za kwanza zinyeshapo, kumbikumbi. Funga mshipi kwenye kijiti kilichochomekwa imara, utundike kikopo chenye vijiwe ndani yake, kikilia, inuka.

Baada ya vyombo, jifunze kuusoma ukingo. Mto upindapo, upande wa nje wa pindo maji huwa na kina hadi chini ya miguu yako. Mvuvi asiye na mtumbwi hapaswi kupapita mahali hapo. Kijito kiingiapo katika mto mkubwa huleta chakula, na samaki hukingoja. Nyuma ya jiwe au gogo maji huzunguka polepole, na samaki hupumzika humo akitazama kipitacho. Ukiona viputo vidogo vikipanda, au matete yakitikisika pasipo upepo, weka mzigo wako chini.

Kisha nyamaza. Samaki husikia kishindo cha mguu kupitia udongo kabla hujafika. Mvuvi mwema hutembea taratibu, hukaa hatua mbili nyuma ya maji, na hulitazama jua ili kivuli chake kimwangukie mgongoni. Mulonge mkubwa akinaswa usimwinue juu kwa mshipi, maana utakatika. Mwongoze polepole mpaka mahali ukingo unapoteremka, umvute juu ya mchanga, umshike kwa kitambaa nyuma ya kichwa, kwa sababu mapezi yake ya kifuani yana miiba mikali.

Jambo moja twalikazia kwa nguvu. Saa ya mulonge ndiyo saa ya mamba. Katika Luapula, na popote penye mamba au kiboko, usichuchumae ukingoni jioni, usiingie majini kufungua ndoana iliyokwama, wala usisafishe samaki mahali pale pale kila siku. Mamba hujifunza mazoea ya watu. Ndoana hununuliwa tena dukani, mguu haununuliwi.

Maji yapi yafaa?

Mto Lubumbashi uko karibu, nao wavutia. Lakini baba wa nyumba na aulize kwanza maji yametoka wapi. Shaba imeyeyushwa katika mji huu tangu mwaka 1911, na viwanda na migodi vimeongezeka. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wakaao karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kobalti na madini mengine mengi mno mwilini. Mwaka 2016 uchunguzi mwingine juu ya samaki wa Ziwa Tshangalele, lililotokea mto Lufira ulipozibwa kwa bwawa la Mwadingusha, ulionyesha kwamba samaki wale nao walikuwa wamebeba madini kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Moto wa jikoni huua vijidudu, lakini hauondoi madini. Kwa hiyo twashauri hivi: mtu avue juu ya mto, kabla maji hayajapita viwandani na migodini, hata kama safari ni ndefu. Maini, matumbo na mashavu ya samaki yatupwe, kwa kuwa madini mengi hujikusanya humo. Na mahali ambapo maji yamebadilika rangi, au samaki wanaelea wamekufa, pasivuliwe kabisa. Samaki wa bure aliye na sumu ni ghali kuliko nyama ya sokoni, hasa kwa mtoto mdogo na mama mwenye mimba.

Somo la mpumbu

Sasa twarudi kwenye neno letu la kwanza. Samaki haji ukingoni kwa ajili ya kula tu. Huja pia kuzaa. Mvua za kwanza zijazapo mabonde, mulonge hupanda usiku kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, dume na jike pamoja, kutaga mayai. Hapo hawamjali mtu. Vijana huwapiga kwa panga na fimbo, wakajaza magunia, na kila mmoja hujiona shujaa. Makobo dume naye huchimba shimo la mviringo kwenye maji ya kina kifupi. Jike hutaga humo, kisha hubeba mayai na watoto kinywani mwake, asile ila kidogo mno, mpaka watakapoweza kujitegemea. Ukimvua mama huyo, umevua nyumba nzima.

Tunajua jambo hilo hufikia wapi, kwa sababu limetokea kwetu. Katika mto Luapula, unaotenga Kongo na Zambia, palikuwa na samaki mashuhuri aitwaye mpumbu. Kila mwaka, mvua zianzapo, mpumbu walitoka Ziwa Mweru wakapanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Mji wetu, ulioitwa Élisabethville hadi mwaka 1966, ulihitaji chakula cha wafanyakazi wa migodi. Wafanyabiashara Wagiriki wakakaa Kasenga, yapata kilomita 200 kutoka hapa, wakanunua samaki, wakawapakia pamoja na barafu katika malori mpaka mjini. Katika miaka ya 1930 na 1940 nyavu ziliongezeka, nazo zilitandazwa hasa wakati wa kupanda, maana ndipo mpumbu walipokuwa wengi na wepesi kukamatwa. Kila jike aliyenaswa alikufa na mayai yake. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 biashara ya mpumbu ilikuwa imeanguka, na makundi yale hayakurudi tena kama zamani.

Hakuna aliyekusudia kuwamaliza. Mfanyabiashara alitaka faida, mvuvi alitaka fedha ya kodi na nguo, na mchimbaji wa shaba alitaka kitoweo. Kila mmoja alikuwa na sababu yake njema, na sababu hizo njema pamoja zilikausha mto.

Pengine msomaji atasema: “Haya yamekwisha kuharibika, nikijizuia mimi peke yangu itafaa nini?” Basi na asikie habari ya yule walleye. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, kuna ziwa liitwalo Red Lake. Huko nako alivuliwa kupita kiasi, hata katika miaka ya 1990 alikuwa karibu kwisha. Mwaka 1999 Waojibwe wa Red Lake, wenye sehemu kubwa ya ziwa hilo, walipatana na serikali ya jimbo kwamba asivuliwe tena kwa muda, na vifaranga wengi wakatiwa majini. Kwa miaka kadhaa watu walikaa karibu na ziwa lao wasile samaki yule. Mwaka 2006 uvuvi ulifunguliwa tena, kwa kipimo, kwa kuwa samaki walikuwa wamerudi. Waliojinyima ndio waliokula.

Afanye nini mwenye njaa?

Hatumwambii mtu mwenye watoto wenye njaa kwamba asivue. Mwanzi mmoja wenye ndoana moja hauwezi kuumaliza mto. Unaoumaliza ni wavu wenye matundu madogo, na hasa chandarua cha mbu, kilichotolewa kumlinda mtoto na malaria, kikakokotwa majini na kuchota vifaranga ambao hata kukaangwa hawafai. Tena kuna majira. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Na upande wetu yampasa kila mvuvi aulize tangazo la mkoa kabla hajafunga safari.

Katika miezi hiyo wako wawezao kupata samaki kwa njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili palifunguliwa huko Kipopo, karibu na mji wetu, kituo cha kujifunza ufugaji wa samaki, na makobo na ndugu zake wakajaribiwa vidimbwini. Mwenye shamba lenye kijito aweza kuchimba kidimbwi, akawalisha kwa pumba na majani, akavua wakati mto umefungwa. Asiye na shamba na aungane na jirani zake watatu au wanne wenye nafasi.

Nanyi akina baba mnaochukua wana wenu mtoni, wafundisheni mambo mawili pamoja. Wafundisheni kunyamaza, kuusoma ukingo na kungoja saa ya jioni. Kisha waonyesheni vishimo vya makobo kwenye maji maangavu, muwaambie ni vya nini, mhame hatua mia mbele. Na mkimnasa jike mwenye mayai kinywani, mwacheni mtoto mwenyewe amfungue ndoana kwa mikono iliyolowa na kumrudisha majini. Atarudi nyumbani na samaki mmoja pungufu, lakini atakuwa ameelewa kwa nini mwaka ujao mto utakuwa bado na kitu cha kumpa.