Bei ya taya: nyaya peke yake, au nyaya na kisu?

Ukiuliza bei ya upasuaji wa kurekebisha taya, utatajiwa namba moja, na namba hiyo huwa ya siku ya upasuaji tu. Daktari atatumia saa moja au mbili kwa taya moja, au saa tatu hadi tano kwa mataya yote mawili, kisha utalala hospitalini usiku mmoja hadi mitatu. Matibabu kamili, hata hivyo, huchukua miaka miwili hadi mitatu, na muda mwingi utaumalizia kwenye kiti cha daktari wa kupanga meno. Huko ndiko bajeti za wengi zinakokatikia.

Si meno yote yaliyopinda yanayodai kisu. Yakiwa yamebanana tu, au yameachana, nyaya zinatosha. Upasuaji unazungumziwa pale mfupa wenyewe unapokuwa na kasoro: taya la chini limetangulia la juu, au limerudi nyuma mno, au limekwenda upande, au meno ya mbele hayakutani hata ukiuma kwa nguvu, kiasi kwamba kipande cha chapati unakikata kwa magego.

Kwa mtoto kuna mlango wa bei nafuu zaidi. Taya la juu lililobaki nyuma linaweza kuvutwa mbele kwa kifaa cha kuvaa usoni, hasa kabla ya kufika miaka 10 hivi, na taya la chini lililobaki nyuma husaidiwa na vifaa vya kuvaa mdomoni wakati mtoto anarefuka kwa kasi. Wapo watakaohitaji upasuaji hata baada ya hapo, maana taya la chini huendelea kukua mpaka ujana uishe. Lakini ile kauli ya "atakua tu, yatajipanga" imewagharimu wazazi wengi.

Kwa mtu mzima njia zimebaki mbili. Ya kwanza ni kuficha kasoro: mifupa inaachwa ilivyo, pengine meno mawili au manne yanang'olewa, na yaliyobaki yanalazwa mbele au nyuma mpaka yakutane. Jijini Nairobi nyaya mara nyingi hutozwa kati ya shilingi 150,000 na 350,000 za Kenya. Kwa kasoro ndogo au ya wastani njia hii ni ya heshima kabisa, na mimi ningeanza kuiulizia hiyo. Uso haubadiliki sana, lakini wewe utaweza kutafuna. Kasoro ikiwa kubwa, meno yanasukumwa kupita uwezo wa mfupa, fizi zinashuka, na baada ya miaka yanaweza kurudi yalikotoka.

Ya pili ni upasuaji, na hapa pana jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Meno ya mtu mwenye kasoro ya taya huwa yamejilaza yenyewe ili kuifidia. Kabla ya upasuaji, daktari huyanyoosha yasimame sawasawa juu ya mfupa wake, kazi ya miezi 12 hadi 18, na kwa muda huo kasoro huonekana mbaya kuliko mwanzo. Maana yake ni kwamba njia hizi mbili husukuma meno kuelekea pande tofauti. Anayeanza maandalizi ya upasuaji, kisha akaishiwa fedha katikati, anabaki na mdomo mbaya kuliko aliokuja nao, na kurudi kwenye njia ya kwanza ni kulipia meno yasogezwe upya. Uamuzi hufanywa kabla ya waya wa kwanza kufungwa.

Ukipewa makadirio, yasome mstari kwa mstari. "Le Fort I" ni ukataji wa taya la juu. Jina ni la René Le Fort, daktari wa Ufaransa aliyeeleza mwaka 1901 mistari ambayo uso huvunjikia. "BSSO" ni kupasua taya la chini pande zote mbili. Genioplasti ni kidevu peke yake. Tafuta pia gharama za nusu kaputi, chumba, picha za CT, vibati vya titani na skrubu zake, na kung'oa magego ya mwisho, ambayo kwa taya la chini mara nyingi hutolewa miezi kadhaa kabla. Kisichoandikwa humo kitakuja na bili yake baadaye.

Marekani, bila bima, kazi hii hutajwa kwa dola 20,000 hadi 40,000. Uingereza, huduma ya afya ya umma (NHS) hulipia upasuaji na nyaya kwa anayeonekana kuuhitaji kiafya, ila foleni ni ndefu. Hospitali za India hutangaza dola 3,000 hadi 6,000, na hapo ndipo wengi wetu hukata tiketi. Bei hiyo ni ya kweli, lakini nyaya utafungwa wapi? Wiki za mwanzo baada ya upasuaji, mpira unaoelekeza taya hubadilishwa na meno hukaguliwa mara kwa mara. Bila daktari wa nyumbani aliyewasiliana na yule wa India tangu mwanzo, bei nafuu haina mlezi.

Madaktari bingwa wa taya na uso wapo Nairobi na Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Nairobi na Muhimbili huwafundisha. Siku zao nyingi huliwa na majeruhi wa bodaboda na uvimbe wa taya, kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza: upasuaji huu wa kupanga taya unaufanya mara ngapi kwa mwaka, na unashirikiana na daktari gani wa meno?

Tenga pia fedha za wiki mbili hadi nne bila kazi na wiki sita za uji, supu na blenda; kilo kadhaa zitaondoka. Baada ya kukatwa taya la chini, ganzi ya mdomo na kidevu humpata karibu kila mtu, na kwa wachache haiishi.

Bima nyingi huuita upasuaji huu urembo. Barua ya daktari ijikite katika kutafuna, matamshi na, kama lipo, tatizo la pumzi kukatika usingizini, kisha uombe kibali cha maandishi kabla ya kulipa chochote. Nyaya mara nyingi hukataliwa hata upasuaji ukikubaliwa. Na anayekuuzia fila ya kidevu (sindano ya kujaza) kama mbadala anabadilisha umbo tu. Meno yako yatabaki bila kukutana.

Omba mipango yote miwili kwa maandishi, yenye bei na miezi. Kama fedha ya upasuaji haionekani ndani ya miezi 18, mwambie daktari hivyo waziwazi, akupangie njia ya nyaya peke yake.